Rivyuu ya CDA, kipima vumbi cha Cassini kule Zohali: nyota 4 na nusu

Mi kazi yangu ni kupima vumbi. Kiwanda cha saruji, zamu ya asubuhi, unamfunga fundi kipampu kiunoni, mpira unapanda mgongoni hadi kwenye kola ya ovaroli, mwisho wa mpira kuna kichujio kidogo cheupe, masaa manane baadae unakivua unakipeleka kwenye mizani, unatoa uzito wa mwanzo, kinachobaki ndo vumbi alilokuwa analivuta yule mtu siku nzima. Mwaka wa kumi na moja huu nafanya hivyo na nimeshika vipimo vya kila namna, vya pampu, vya leza, vile vya kutundika ukutani vinavyopiga kelele vumbi likizidi, kwahiyo nikikaa chini kuandika rivyuu ya kipima vumbi nazungumzia kitu ninachokula nacho ugali. Ila cha leo hakipo dukani na hakipo tena popote, kiliungua tarehe 15 Septemba 2017 ndani ya mawingu ya sayari ya Zohali pamoja na chombo kilichokibeba. Kinaitwa CDA (Cosmic Dust Analyzer, kichambua vumbi la angani), kilikuwa juu ya chombo cha angani Cassini, na kwa maoni yangu ndo kipima vumbi bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza binadamu, japo kina kasoro ambazo mimi kama mtu wa vipimo siwezi kuzifumbia macho.

Cassini iliruka Oktoba 1997 kutoka Florida, ikapita Zuhura mara mbili, ikapita hapa kwetu duniani 1999, ikapita Mshtarii mwisho wa mwaka 2000, ikafika Zohali katikati ya 2004 na kuzunguka huko miaka 13. CDA waliiongoza Wajerumani, taasisi ya Max Planck ya Heidelberg, kwanza chini ya Eberhard Grün halafu Ralf Srama, Waingereza wakashiriki, na kile kipande cha kuhesabu kwa haraka kikatoka chuo kikuu cha Chicago. Uzito kama kilo 17 hivi, yaani mfuko wa saruji ni zaidi ya mara mbili yake, na umeme unaotumia ni mdogo kuliko balbu zile za zamani.

Ukikiangalia kwenye picha ni kama ndoo pana imelazwa, mdomo wake unazidi sentimita 40. Mdomoni kuna nyavu nyembamba za chuma, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, mbili kati ya hizo zimeinamishwa kidogo makusudi. Chembe ya vumbi ikiwa na chaji ya umeme, inavyopita kwenye zile nyavu inaacha alama, na kwa sababu ya ule mwinamo unaweza kujua imeingia kwa njia gani na spidi gani kabla haijagusa kitu chochote. Hilo peke yake lilinifurahisha, maana kwetu kiwandani chembe ukiijua umeshaikamata, huku wanaisoma ikiwa bado inapita hewani, kama kuna hewa.

Kitako cha ndoo ndo mzigo wenyewe. Kuna sahani kubwa iliyopinda, imepakwa dhahabu, na katikati yake sahani ndogo ya metali ya rodiamu yenye upana wa sentimita 16. Sasa elewa spidi ya mambo ya huko. Risasi ya bunduki inakimbia kama kilomita moja kwa sekunde. Chembe za kule zinaigonga ile sahani kwa kilomita 8 kwa sekunde, siku nyingine 18, na zipo zinazokuja kwa zaidi ya 100. Ikigonga haibaki chembe, inakuwa mvuke na mvuke wenyewe unavunjika kuwa ioni (atomi zenye chaji) na elektroni, kakiwingu kadogo ka umeme. Ukipima ukubwa wa kile kiwingu na kinavyopanda haraka unapata uzito na spidi ya chembe iliyokufa. Ila kama imegonga ile rodiamu ya katikati, unapata na kitu cha ziada ambacho kwa mimi ndo sababu ya rivyuu hii nzima: sahani ina volti 1000, milimita 3 mbele yake kuna wavu mwingine usio na volti, kwahiyo ioni zote zinasukumwa kwa pamoja, kwa nguvu ileile, halafu zinakimbia sentimita 23 hadi kwenye kipokezi. Ni kama mbio za watoto wa shule siku ya michezo, filimbi imepigwa mara moja kwa wote, wepesi wanafika mwanzo wazito wanafika mwisho, na ukiwa na saa nzuri unajua kila mmoja ana uzito gani kwa muda aliofika tu. Mbio zote zinaisha ndani ya mikrosekunde chache. Hidrojeni inafika, kaboni inafika, sodiamu inafika, na rodiamu yenyewe ya sahani, yenye uzito wa 103, inakusaidia kujua kama saa yako iko sawa. Yaani kifaa kinabeba rula yake mwenyewe, jambo ambalo mtu wa vipimo akiliona anatabasamu.

Pembeni kuna HRD (High Rate Detector, kihesabu cha haraka), vile vipande viwili vya Chicago. Hivi havionji, vinahesabu tu. Ni karatasi za plastiki maalum, moja ina unene wa mikroni 28 nyingine mikroni 6 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), chembe ikitoboa au ikichimba shimo plastiki inatoa mpigo wa umeme bila kuhitaji volti yoyote, na vinaweza kuhesabu hadi chembe 10,000 kwa sekunde. Rahisi, imara, haina mambo mengi. Naipenda sana aina hii ya ufundi, na utaona chini hapa kwamba hii plastiki ndo iliyotoa moja ya majibu makubwa ya safari nzima.

Kitu kingine cha kusifia ni meza ya kuzunguka. Cassini ilipokuwa inajengwa, kubana gharama waliondoa jukwaa la kugeuza vifaa, kwahiyo kamera na wenzake wakafungwa moja kwa moja mwilini, ukitaka kupiga picha unageuza chombo kizima. Kwa kipima vumbi hiyo ni balaa kwa sababu vumbi lina upande linatokea, ukiliangalia kwa mgongo hupati kitu. CDA ikapewa meza yake inayozunguka karibu robo tatu ya duara, kamera ikiwa inatazama kule yenyewe inageuza mdomo huku kwenye mkondo wa vumbi. Sijui kama wengi wanaelewa thamani ya hiki kijisehemu. Kwenye kazi yangu nusu ya vipimo vibovu nilivyowahi kuviona ni vya mtu aliyeweka kichujio upande ambao upepo hautoki, kifaa kizima, betri imejaa, na namba inayotoka haina maana yoyote.

Nije kwenye kasoro, maana nimeahidi.

Ya kwanza ni kwenda taratibu. Ikishagongwa na chembe moja inahitaji kama sekunde nzima kusoma, kuandika na kujiandaa upya. Ukipita mahali penye vumbi jingi, chembe mia zinagonga unasoma moja. Ya pili ni njia ya kutuma data, CDA ilipewa wastani wa biti 524 kwa sekunde. Piga hesabu, picha moja ya simu ya megabaiti 2 kwa njia hiyo ingechukua masaa nane na nusu, kwahiyo kompyuta yake ya ndani ilibidi ichague na kubana. Ya tatu, na hii inaniuma zaidi, uwezo wa kutenganisha masi (uzito wa ioni, hidrojeni ikiwa 1) ni mdogo, kati ya 20 na 50 kutegemea na wapi, maana yake vitu viwili vyenye uzito unaokaribiana vinakaa kama kilima kimoja na mabishano yanaanza. Tena spektra, yaani ile grafu ya ioni zilizofika kwa uzito wao, ikifika kama masi 200 ndo mwisho wa picha safi, kilichozidi hapo unakiona kwa ukungu. Na inasoma ioni chanya peke yake, zile hasi zote zinapotea. Hizi sasa sio kasoro za fundi mzembe, kifaa kilichorushwa 1997 kimebuniwa miaka ya mwanzo ya tisini na kiliandaliwa kwa kuhesabu na kupima vumbi kwa ujumla, ila mteja wa leo anatakiwa azijue. Nusu nyota ndo imeondokea hapo.

Sasa kazi iliyofanya.

Zohali ina pete nyingi, ile ya E ni ya ajabu, ni pana kupita kiasi, nyembamba kama moshi, na chembe zake ni za barafu, nyingi kama mikroni moja au pungufu, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Katikati ya pete hiyo anazunguka Enceladus, mwezi mdogo wa kilomita 500 hivi, mweupe kama chokaa. Watu walishahisi yeye ndo mzazi wa ile pete, ila kwa njia gani? Wazo la kawaida lilikuwa kwamba vimondo vidogo vinamgonga juu vinarusha vumbi la barafu pande zote. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikampita kwa umbali wa chini ya kilomita 180. Kama wazo lile ni kweli, vumbi linatakiwa liongezeke unavyomkaribia na kilele kiwe pale pale ulipo karibu zaidi, halafu lishuke. HRD, ile plastiki, ikahesabu. Kilele kikatokea kama dakika moja kabla.

Dakika moja tu. Mtu mwingine angesema saa imekosea. Lakini dakika moja kabla ya ukaribu chombo kilikuwa kinapita upande wa kusini, maana yake vumbi halitoki kila mahali, linatoka ncha ya kusini. Vipimo vya sumaku vya miezi michache nyuma vilikuwa vimeshaonyesha kuna kitu, kamera za joto siku hiyohiyo zikaona ncha ya kusini ina joto lisilo la kawaida, na mwezi Novemba picha zikatoka zikionyesha michirizi ya mvuke na barafu inaruka angani kutoka kwenye nyufa. Ila ile grafu ya vumbi, kilele kimesogea pembeni kidogo, mimi nimeitazama mara nyingi kuliko hizo picha. Kwetu pia ndo hivyo, kwenye grafu ya vumbi ya siku nzima kilele hakitulii pale unapokitegemea, na ukifuatilia kwanini kimekaa saa tatu na dakika kumi badala ya saa tatu kamili unakuta mkanda mmoja wa kubebea una mpasuko ambao hakuna aliyekuwa anaujua.

Halafu ikaja chumvi. Hapa ndo CDA inaachana na vipima vumbi vingine vyote. Kundi la mtafiti Frank Postberg lilikaa na spektra za chembe za pete ya E, likazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza karibu maji matupu. La pili maji na vitu vya kaboni. La tatu, kama asilimia 6 tu ya chembe, maji yenye chumvi za sodiamu, kati ya nusu na asilimia 2 ya uzito. Matokeo yakatoka 2009. Mwaka huohuo darubini za duniani zilitafuta sodiamu kwenye mvuke wa Enceladus zikakosa, na watu wengine wakaona kama vinapingana.

Havipingani, na mwenye jiko anajua. Bandika maharage yenye chumvi funika sufuria, ukifunua onja matone yaliyoganda chini ya mfuniko, hayana chumvi, ni mvuke uliopanda peke yake na chumvi imebaki chini. Lakini sufuria likichemka kwa fujo likarusha, yale matone yanayokurukia mkononi yana chumvi kamili, kwa sababu ni mchuzi wenyewe umeruka. Mvuke wa Enceladus hauna sodiamu, chembe zina sodiamu, basi zile chembe ni mchuzi ulioruka ukagandia njiani. Ili uwe na mchuzi lazima kuwe na maji ya majimaji yaliyokaa na mwamba hadi yakala chumvi yake. Bahari, chini ya barafu, kwenye kamwezi ambako juu ni baridi ya kutisha. Na baadae chombo kilivyopita karibu zaidi na zile nyufa ikaonekana chembe za chumvi ndo zinazidi, ni nzito haziruki mbali, nyingi zinarudi kuanguka, zile nyepesi ndo zinafika kwenye pete. Imethibitishwa na kitu chenye uwezo wa kutenganisha masi wa 20 hadi 50! Ndo maana nasema nusu nyota tu.

Walichofanya kizuri, na hii ni fundisho kwa yeyote anayenunua kipimo cha bei, ni kwamba hawakuamini skrini peke yake. Ujerumani kwenye maabara walichukua maji, wakayeyusha chumvi hii na ile kwa viwango wanavyovijua, wakayapiga leza yakiwa yanachirizika kwenye utupu ili yavunjike kama chembe inavyovunjika kwenye rodiamu, halafu wakalinganisha spektra. Pia walikuwa na mashine ya kurusha vumbi la kweli kwa spidi kubwa pale Heidelberg kwa ajili ya kukalibreti. Nimewahi kununua kipimo cha leza kwenye duka moja, karatasi ya kalibresheni imeandikwa vizuri na muhuri juu, nikakiweka karibu na kichujio changu cha kawaida siku tatu, kilikuwa kinasoma nusu ya ukweli kwa sababu kilikalibretiwa kwa vumbi la aina nyingine kabisa. Watu wawili walikuwa wanafanya kazi bila barakoa kwa kuamini ile namba. Ndo maana mtu akiniambia kalibresheni ni mambo ya makaratasi tunaweza kukosana.

Hata huko juu kosa kama hilo limeshatokea. Ulysses, chombo kingine cha angani, ilipompita Mshtarii Februari 1992 ilikuta vumbi linakuja kwa mikondo, linapiga kila baada ya siku kama 28. Kifaa chake kikasoma spidi kama za kawaida. Baadae hesabu za njia zao zikaonyesha zile chembe ni ndogo mno, kama nanomita 10 (nanomita 1000 ndo mikroni moja), na zinakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, nje kabisa ya spidi ambazo kifaa kilijaribiwa. Galileo, chombo kingine tena, ikaja kukaa Mshtarii kuanzia Desemba 1995 na ikasaidia kuonyesha zinatoka kwenye volkano za mwezi Io, zinapata chaji, uga wa sumaku wa Mshtarii unazirusha nje kama kombeo. CDA ilivyopita pale ikaonja, ikakuta chumvi ya sodiamu na klorini. Haya ya Mshtarii yanahitaji maandiko yake peke yake, nayaacha.

Zohali nayo ina mikondo kama hiyo, na humo kwenye chembe za nanomita chache walikuta silika. Tafsiri yao ya 2015 ni kwamba silika ya ukubwa huo inatengenezwa maji ya moto, zaidi ya nyuzi 90, yakipita kwenye mwamba halafu yakipoa. Yaani chini ya ile bahari kuna chemchemi za moto. Hapa mimi niko makini kidogo, mnyororo wa hoja ni mrefu, kutoka kwenye chembe iliyorushwa nje ya Zohali kabisa hadi sakafu ya bahari, ila kila kiungo cha huo mnyororo wamekifanyia jaribio na sijaona aliyekikata.

Kitu cha kushangaza kuliko vyote kwenye bidhaa hii ni kwamba imeendelea kufanya kazi baada ya kuungua. 2018 wanaochambua data zake wakatoa vipande vikubwa vya kaboni, molekuli zenye masi zaidi ya 200, yaani ile sehemu ya ukungu niliyoilalamikia, wakaisoma hivyohivyo kwa subira. Juni 2023 fosforasi. Walichambua spektra 345 za pete ya E, tisa zikawa na fosfati ya sodiamu, na wakilinganisha na maabara wakapata kwamba fosfati kwenye ile bahari ni angalau mara 100 zaidi kuliko kwenye bahari za duniani. Tisa kati ya 345! Fosforasi ndo ilikuwa inawatia watu wasiwasi, maana DNA haijengwi bila hiyo, na mifupa, na kila seli. Ilikuwa imekaa kwenye kumbukumbu miaka yote inasubiri mtu ajue alama yake inaonekanaje.

Na Oktoba 2025 wakarudi kwenye siku moja, 9 Oktoba 2008, Cassini ilipopita ndani ya michirizi kilomita chini ya 30 kutoka juu ya Enceladus, kwa spidi ya karibu kilomita 18 kwa sekunde. Kulikuwa na swali la haki: ile kaboni ya kwenye pete labda imepikwa na mionzi baada ya barafu kukaa angani miaka, wala haikutoka baharini. Chembe za siku ile zilikuwa mbichi, zimetoka kwenye nyufa dakika chache tu. Na ile spidi kubwa ikawa faida, kwa spidi ndogo molekuli za maji zinashikana makundi makundi na kufunika alama nyingine, kwa 18 hazipati nafasi ya kushikana. Kaboni ileile ikawepo, na aina mpya juu yake. Miaka 17 baada ya kupimwa. Mimi sampuli zangu natakiwa kuzitunza kwa muda uliopangwa halafu zinatupwa, na tangu nisome hii nimeanza kuziomba nikae nazo.

Ya kupita haraka: kati ya chembe zaidi ya milioni moja CDA ilipata 36 ambazo hazitoki kwenye mfumo wetu wa jua kabisa, zinapita tu kutoka kati ya nyota, zilizojulikana kwa spidi na uelekeo, ndani zina magnesiamu, silikoni, chuma, kalsiamu, na zinafanana kwa namna isiyotegemewa. Nyingine 163 zilizotoka nje ya mfumo wa Zohali zikatumika 2023 kukadiria vumbi linavyochafua pete, kundi la Sascha Kempf likasema pete hazizidi umri wa miaka milioni 400. Hii wengine hawajaikubali, mwisho wa 2024 wakatoa hesabu kwamba vumbi linalogonga kwa spidi ile linakuwa mvuke na halibaki kwenye barafu, kwahiyo pete zinaweza kuonekana safi na bado zikawa kongwe. Mi naona kipimo cha vumbi linaloingia kiko sawa, ubishi uko kwenye linalobaki, na hilo CDA haikuwa na namna ya kulipima. Anayelaumu kifaa kwa hilo anakionea.

Ukilinganisha na mbadala: Voyager 2 mwaka 1981 ilisikia vumbi la Zohali kwa antena ya redio tu, chembe zinavyogonga mwili wa chombo zinatoa mlio, na Cassini nayo ilikuwa na antena kama hiyo ambayo Aprili 2017, walipopita mara ya kwanza kati ya pete na sayari, ilitarajiwa isikie mvua ya mapigo ikasikia machache ya kuhesabu. Antena inafaa sana kwa kujua kama pako salama, eneo lake la kukusanya ni kubwa, ila haikuambii chembe imetengenezwa na nini. Juno kule Mshtarii haina kipima vumbi kabisa, walipata vumbi kwa bahati kamera za nyota zilipoona vipande vinavyoruka kutoka kwenye paneli za sola. Mrithi wa kweli ni SUDA, imejengwa Colorado chini ya huyohuyo Kempf, iko juu ya Europa Clipper iliyoruka 14 Oktoba 2024 na itafika Mshtarii Aprili 2030. Inatenganisha masi vizuri mara kadhaa zaidi, na inasoma ioni chanya na hasi. Karibu kila nilicholalamikia juu wamekirekebisha, inaonekana wenyewe walikuwa na orodha ileile.

Kwa anayetaka kuigusa CDA mwenyewe, data ziko wazi kwenye hazina ya data za sayari ya NASA, bure, huhitaji cheti cha chuo. Usianze na faili kubwa, chukua spektra chache za pete ya E. Tafuta kwanza vilima vya masi 19, 37, 55, 73, vinapanda kwa 18 kila mara, hayo ni maji yameshikana moja moja na chembe nyingi zitakuonyesha hivyo tu hadi uchoke. Endelea kufungua. Siku utakayokuta 23 imesimama ndefu kuliko zote, pembeni yake 41, halafu 63, halafu 81, tulia hapo usifunge kompyuta. Hiyo 23 ni sodiamu, 41 ni sodiamu imeshika maji, 81 ni sodiamu imebeba chumvi ya kawaida kabisa, ile ya jikoni, na ilikuwa baharini.